Siku Uliyomtoa Meku Kisiwani

Mpendwa Mama mkwe,

Mjukuu wako amemkojolea Elia. Sasa hivi, hata dakika tano hazijaisha. Elia alikuwa amempakata pale sebuleni, amevaa suruali yake ya kitambaa aliyokuja nayo kutoka Tunduma, anamwimbia wimbo ambao hata maneno hayajui. Mara nikaona Manka ametulia kabisa, macho ameyakaza ukutani, na mimi mama yake najua akitulia vile ni nini kinafuata. Sijafungua mdomo, tayari. Elia ameruka kama aliyekanyaga siafu.

"Shemeji! Huyu mtoto wenu mmemfungia bomba?"

Joshua amecheka mpaka akaegemea mlango. Nimempokea mtoto, nimembadilisha, nimemlaza, halafu nimekaa hapa pembeni ya kitanda chako na daftari, maana hili siwezi kukaa nalo tumboni.

Umelisoma vizuri jina hilo, Mama? Nimeandika Elia. Elia wako, mzaliwa wako wa kwanza. Yuko nyumbani Marangu, chini ya bati lako, Krismasi bado siku tatu, na suruali yake naianika mimi.

Najua haupo. Kaburi lako naliona kutoka dirishani hapa, pale penye migomba, Joshua amelipaka chokaa juzi. Lakini nimwambie nani mwingine? Watu wote kijijini wanajua kwamba Elia amerudi. Hakuna anayejua kwamba aliyeanza kumrudisha ni Meku. Hilo lote tunalijua wewe na mimi tu, basi ngoja nikukumbushe.

Unakumbuka nilivyokuwa? Miaka ishirini, mtoto wa mjini, nimekulia mtaa wa Soweto ambako dada yangu alijifungua Ijumaa na Jumatatu alikuwa gengeni anauza nyanya. Wewe ukanipandisha huku na Manka wangu wa siku nne, ukanifungia ndani miezi mitatu kama desturi yenu. Hata ufagio nisishike. Nikinyanyua kikombe unaniangalia kama nimeiba. Asubuhi mtori wa ndizi, mchana mtori, jioni supu na siagi ya ng'ombe wako, na ukikuta bakuli halijaisha unakaa kitini unaningoja, hauongei, unanitazama tu mpaka nimalize. Nilinenepa mpaka pete ikakataa kutoka.

Joshua alikuwa mlimani anabeba mizigo ya wageni. Anapanda siku saba, anashuka siku mbili, anapanda tena. Kibanda chake cha gemu kule Soweto kilishafungwa, akaleta huku TV moja, mashine moja, pedi moja ambayo kitufe chake kimoja lazima ukibonyeze kwa hasira, na CD mbili ambazo hazikukwaruzika. Gemu ya maharamia, ya kwanza na ya pili. Akaniambia, "Usije ukalia upweke, cheza." Nikawa namnyonyesha mtoto kwa mkono mmoja, nikishindana na bahari kwa mkono mwingine.

Ulinikuta siku ya tatu. Ulikuwa umetoka kukata majani ya ng'ombe, kanga imelowa umande hadi magotini. Ukasimama mlangoni.

"Mae! Huyo mzee ni nani, ananyeshewa hivyo?"

Nikakueleza. Kwamba kwenye gemu ya kwanza alikuwa baharia mdogo tu, mwenye kiatu kimoja na maneno mengi. Meli ikapasuka kwenye mwamba. Nahodha akaingia kwenye mtumbwi na wenzake, nafasi haikutosha, yeye wakamwacha. Gemu inaisha yuko ufukweni anapunga shati, wao wanapiga makasia hawageuki. Ya pili ni miaka mingi baadaye. Nahodha yule yule anarudi kwenye kile kisiwa, na yule baharia ndevu zimefika tumboni, anakuona tu anaanza kukurushia mawe.

"Na nahodha ni nani?"

"Ni mimi, Mama. Anayecheza ndiye nahodha."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwacha."

"Mama, ni gemu."

"Nakuuliza, ulimwacha au hukumwacha?"

Nikasema nilimwacha. Ukasonya, ukavuta kigoda ukakaa, majani ya ng'ombe bado yako mlangoni na ng'ombe anapiga kelele bandani. Ndiyo siku ulipomwita Meku, yaani mzee kwa lugha yenu, kwamba mtu mzima haitwi hivi hivi bila jina la heshima. Jina lake la kwenye gemu lilikuwa la Kiingereza, hata mimi sikuliweza.

Tangu hapo ukawa humalizi kazi bila kuja kumwangalia. "Meku ameamkaje?" Ukaanza kumkosoa maisha yake. Kwamba kibanda chake kimeelekea upepo. Kwamba ana eneo lote lile na hakuna hata mgomba mmoja. Nikakuambia ile ni minazi, Mama, kisiwani ndizi hakuna. Ukashika mdomo.

"Anakula nini?"

"Samaki."

"Na nini?"

"Samaki tu."

"Basi ndiyo maana ana kichaa."

Lakini Jumapili ile hukucheka. Ulikuwa umetoka ibadani, hujavua hata viatu, umempakata Manka. Meku alikuwa amekaa juu ya mwamba anaiangalia bahari, na hakujua kwamba sisi tunamwona. Ukamhamishia Manka bega la pili. Halafu ukasema, "Na mimi ninaye wa kwangu."

Habari za Elia nilizijua kwa Joshua, nusu nusu. Siku ile ulinipa zote. Kwamba kihamba cha Elia, shamba lake la urithi, na hiki cha Joshua vinapakana kwa masale, yale majani marefu yanayopandwa mpakani, na mtu haling'oi hata moja bila wenzake kujua. Wewe uling'oa matatu. Elia alikuwa kazini Tunduma anatengeneza malori, ng'ombe hawakuwa na pa kupita, ukaona ni hatua mbili tu, ukayahamishia upande wake bila kumwambia mtu. Alipokuja Desemba akaona. Akakuambia mbele ya ukoo mzima kwamba umemwibia umpe mwanao wa mwisho. Na wewe ukamjibu, "Kama mimi ni mwizi, usikanyage tena kwa mwizi." Akachukua begi lake mchana ule ule. Krismasi tano magari yakapanda kutoka Himo yamejaa watoto wa watu, wako hayumo.

"Na nilimwibia kweli," ukaniambia. "Hatua mbili. Nilijua ninachofanya."

Nikakuuliza kwa nini usimpelekee sale. Nilikuwa mgeni lakini hilo nilishalijua, kwamba huku mtu akikosea anakata jani la sale, analifunga fundo, analipeleka, na anayepelekewa hawezi kulikataa.

Ukaniangalia kama nimekuambia upande mti. "Tangu lini mzazi akampelekea mtoto sale?"

Tukarudi kwa Meku. Wiki mbili nzima tulishindwa kumtoa, unakumbuka? Maneno ya maelekezo yalikuwa yanapita chini ya TV kwa Kiingereza, na kidato cha pili nilichoishia hawakutufundisha Kiingereza cha maharamia. Nikimkaribia kutoka mbele, mawe. Nikimzungukia nyuma, anaingia pangoni. Siku moja nilimfikia kabisa, akakata kamba ya mtumbwi wangu, nikaanza upya.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, mvua imekatika, wewe unamenya ndizi. Nilikuwa namkimbiza mchangani, nimemkaribia, na wewe ukaacha kisu hewani.

"Hebu simama. Mkononi una nini?"

"Upanga, Mama."

"Siku zote hizo unakwenda kumwomba mtu msamaha umeshika panga?"

Mimi sikuwahi hata kufikiri kwamba naenda kumwomba msamaha. Nilidhani naenda kumkamata. Ukanifokea. "Weka chini! Ulimwacha mtoto wa watu aliwe na mbu, leo unamfuata na panga, wewe ungekuja? Tafuta jani!"

"Jani gani? Kisiwani hakuna sale."

"Jani lolote! Mungu anajua kwamba sale hakuna."

Nikabonyeza vitufe vyote mpaka upanga ukaingia alani. Nikaokota tawi bichi chini ya mnazi, yale ya kuwashia moto kwenye gemu. Nikaanza kutembea. Ukaniambia, "Polepole. Usimwangalie machoni." Yaani nahodha wa maharamia, Mama, anatembea kwa adabu kama bibi harusi. Meku akainua jiwe. Nikasimama. Akalishika muda mrefu. Halafu akaliweka chini. Akaja mwenyewe, mguu mmoja una kiatu, akanipita bila kunigusa, akapanda mtumbwini, akakaa mbele.

"Amepanda!" Ulirusha ndizi, Mama. "Amepanda! Meku amepanda!" Ukapiga vigelegele mpaka Mama Shose wa jirani akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani Manka ametembea, mtoto wa miezi miwili. "Kuna nini?" Wewe ukamwambia, "Mzee wetu ameokolewa," naye akarudi kwake anatikisa kichwa.

Pale mtumbwini Meku alisema maneno, na hatukuyaelewa. Tukamngoja Joshua ashuke mlimani siku mbili, hajanawa hata uso unamkalisha mbele ya TV. "Anasema nini hapa?" Joshua akasikiliza. "Anasema, Mmechelewa." Halafu akacheka, akatuambia kwamba tawi halina kazi yoyote pale, gemu inataka uweke upanga tu, hata ungeenda mikono mitupu angepanda. Ukamwangalia kwa huruma. "Wewe baba, beba mizigo. Haya mengine tuachie."

Lakini neno lile lilikuingia. Nilikuona. "Mmechelewa," ukawa unalirudia jikoni unapopika. Kesho yake asubuhi nilikuwa dirishani na mtoto, nikakuona unashuka mpakani na kisu. Ukakata jani moja, ukalipangusa umande kwa kanga, ukalifunga fundo palepale ukiwa umesimama. Ukaja ukaliweka kwenye Biblia yako. "Ukitoka tu uzazini," ukasema, "ninapanda basi naenda Tunduma mwenyewe. Asiponipokea nitalala stendi."

Nilitoka uzazini. Ulinipamba, ulinivalisha, ulinitembeza kanisani kama malkia. Wiki moja baadaye presha ikakuangusha kwenye mfereji, ndoo imejaa maji, na tiketi ilikuwa ya Alhamisi.

Elia alikuja kukuzika. Alisimama nyuma ya watu wote. Alitupa udongo wake, hakuingia ndani, hakula, hakunywa hata maji ya hapa. Nikamwona anaondoka. Nikamfunga Manka mgongoni, nikachukua Biblia yako, nikamkimbilia. Mimi ambaye wiki mbili nyuma nilikuwa siruhusiwi kushika ufagio! Nilimkuta barabarani anangoja gari la kushuka Himo.

"Shemeji, Mama amekuachia kitu."

"Mama ni marehemu, shemeji. Mrudi ndani, mtoto atapata baridi."

Nikafungua Biblia. Jani lilikuwa limeanza kukauka. Akaliona, akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amekutuma? Joshua?"

"Alilikata mwenyewe, nilimwona. Fundo ni la mkono wake. Alikuwa na tiketi."

"Mama yangu? Amkatie mtoto sale?"

"Hata yeye aliuliza hivyo hivyo. Ila baadaye Meku alimfundisha."

"Meku gani?"

Na mimi kwa woga nikasema ukweli wote. "Wa kwenye gemu. Aliyeachwa kisiwani."

Mama, aliniangalia kana kwamba nimechanganyikiwa na msiba. Gari likaja. Alilichukua jani, sitakudanganya, alilichukua kwa mikono miwili. Lakini alipanda bila kugeuka, na vumbi likamfunika.

Krismasi ya mwaka jana nilipika kwa ajili yake. Nilitandika kitanda. Nikakaa na Manka pale njiani kila gari likipita, mpaka Joshua akaja kuniambia nirudi ndani. Hakuja. Nilikukasirikia hata wewe. Nikasema labda jani likikauka halina nguvu, labda nilimkabidhi vibaya, labda ningenyamaza kuhusu gemu. Nilizima ile mashine nikaifunika kwa kitambaa, nisimwone Meku anavyokula raha.

Jana alasiri Joshua alikuwa juu ya banda anagongelea bati. Nikasikia nyundo imenyamaza. Nikatoka. Elia alikuwa amesimama uani na begi, viatu vimejaa tope, amepanda kwa miguu kutoka barabara kubwa. Joshua akashuka. Wakasimama wanatazamana.

"Umenenepa," Joshua akasema.

"Wewe umezeeka," Elia akajibu.

Wakakumbatiana, Mama. Walishikana mpaka kofia ya Joshua ikaanguka kwenye mavi ya ng'ombe na hakuna aliyeiokota.

Aliingia ndani. Alikunywa chai vikombe vitatu. Alikula ndizi zangu akaongeza, na mimi nilimtazama mpaka akamaliza, mtindo wako ule ule. Halafu akasema, bila mtu kumuuliza, "Krismasi ya mwaka jana nilikuja. Nilifika Himo. Nikaona magari yale yote yanapanda, kila mtu ana kwao, nikaogopa. Nikageuza." Akaniangalia. "Shemeji, yule mzee wako bado yupo?"

Nikaondoa kitambaa. Nikawasha. Meku siku hizi yuko kwenye meli, amepewa koti la nahodha, amekaa ubavuni na ndoana. Elia akamtazama kwa makini kabisa, kama daktari. "Baada ya yote aliyofanyiwa," akasema, "bado anavua samaki?" Akaanza kucheka. Alicheka, akalia, akacheka tena, na Manka akawa anamlisha andazi bichi la udongo alilotengeneza mwenyewe, naye Elia akalitafuna.

Na leo asubuhi ndiyo iliyonifanya nichukue daftari. Joshua aliamka mapema akaenda mpakani, akachimba mashimo matatu pale mpaka ulipokuwa zamani, ili ayarudishe masale. Elia akamfuata na kikombe cha chai. Nilikuwa nasikia kutoka jikoni.

"Unafanya nini?"

"Nakurudishia mpaka wako."

Elia akanywa chai kidogo. "Na ng'ombe watapita wapi?"

"Nitajua."

"Fukia."

"Elia, ni hatua mbili, ni haki yako."

"Nimekuambia fukia, bwana. Mama alishapima."

Joshua akayafukia yale mashimo, moja, la pili, la tatu, na kila moja Elia akalikanyaga kwa kiatu chake likakaa sawa. Ng'ombe akapita pale pale, hana habari, akiangusha mambo yake kama kawaida.

Sasa wewe niambie kama nisingeandika. Mke wa Elia na watoto wake wawili wanafika kesho, wajukuu ambao hukuwahi kuwabeba, na nimeshawatandikia. Manka anaota meno ya nyuma. Mimi mwezi ujao naanza masomo ya jioni pale Himo, Kiingereza na hesabu, Joshua amekubali kukaa na mtoto akishuka mlimani. Kuna gemu ya tatu, Elia anasema ameiona Tunduma, na safari hii nataka nisome mwenyewe wanachosema. Moyo wangu umejaa, Mama, natamani kupiga vigelegele ila Mama Shose atakuja na mwiko.

Naandika haraka sasa, wanaume wa ukoo wako nyuma ya nyumba, wamemchinja mbuzi wa kumkaribisha Elia. Elia ndiye ameshika kisu, maana mkubwa ndiye anayegawa, na kila kipande kina mwenyewe. Mwaka jana aligawa Joshua. Alipofika kwenye kipande cha mama wa nyumba, kile kilichokuwa chako, mkono ulisimama, akakitupia kwenye sufuria ya wote. Nawasikia wanabishana, baba mdogo anasema kiende tena kwenye sufuria.

Basi, Mama, pumzika. Walio hapa wote wameshiba, na aliyekuwa mbali yuko karibu. Ni mimi mkwe wako, uliyenilisha kwa macho makali miezi mitatu, na ninachotaka ujue ni

"Mama Manka! Hebu acha hayo madaftari!" Ni Elia anaita. "Njoo upokee nyama ya mama, kabla inzi hawajaitangulia!"

Umesikia? Amesema nyama ya mama, na ameniita mimi, mbele ya ukoo mzima, kwa hiyo naomba ruhusa niweke kalamu chini, nifunge kanga vizuri, nikaipokee.